Kifurushi cha Tisa cha Baba Alcide

Alcide Grandperrin, 1949–2024
Mshairi na mwivishaji jibini, Les Combettes, milima ya Jura

Baba, mwaka umetimia tangu Alhamisi ile ya theluji nyepesi ulipotuacha, saa ile ile ambayo miaka yote ulikuwa ukimaliza safu ya mwisho ya rafu na kuning'iniza aproni yako kwenye msumari. Aproni bado ipo. Hakuna aliyethubutu kuitoa, na baba mdogo Urbain amepiga msumari wake mwingine pembeni.

Ninakuandikia mimi, Coralie, mkweo. Mama Solange, mkeo, amesema niandike mimi kwa sababu wao wote wakianza wanalia, na mume wangu Cyprien akianza anaandika kama anajaza fomu. Nimekubali. Watakaosoma wengi walikufahamu, lakini wapo waliokujua vitabuni tu, kwa hiyo utanivumilia nikieleza mambo unayoyajua.

Uliacha shule ukiwa na miaka kumi na minne ukaingia kwenye ushirika wa maziwa wa kijiji, ghala la chini, kwenye giza na ubaridi, kugeuza magurudumu ya jibini, yale mapande makubwa ya duara, na kuyapangusa kwa maji ya chumvi yaive. Hukutoka humo mpaka moyo ulipokutoa. Shairi lako la kwanza lilichapishwa kwenye karatasi ya habari ya ushirika, chini ya bei ya maziwa. Kitabu chako cha kwanza kilichapwa mjini na yule yule aliyechapa lebo za jibini, kwa wino ule ule wa kijani, nakala mia tatu, nazo ziliuzwa dukani kwa ushirika kando ya siagi. Ghislaine wa duka la mikate anapenda kusimulia wateja walivyoagiza: "Nipe nusu kilo, na Alcide mmoja."

Baadaye wakaja wachapishaji wa Lyon, na vitabu vikawa sita kwa miaka arobaini. Shairi lako la theluji watoto wanalikariri shuleni hata huko kusiko na theluji. Paris walikupa tuzo. Ulikwenda kwa treni na robo ya gurudumu la jibini kwenye begi, na Mama Solange anasema behewa zima lilihamia behewa jingine. Bwana mmoja wa huko akakuuliza kwa nini unatia maneno ya wachunga ng'ombe kwenye mashairi ya Kifaransa. Ukamjibu, "Kwa sababu ng'ombe wangu hawaelewi yale mengine." Ulitoa hotuba ya sentensi nne, ukarudi siku ile ile. Kesho yake ilikuwa zamu ya kugeuza.

Ghalani hukutaka kuitwa mshairi. "Mshairi anakaa mezani," ulikuwa ukisema. "Humu yumo Alcide tu, na ana haraka."

Lakini kila mtu wa Les Combettes alijua kwamba mashairi yako na jibini lako vilikaa rafu moja. Shairi likikwisha ulilinakili kwa kalamu yako ya wino, ukalikunja, ukalifunga kwa kitambaa cha jibini na uzi, ukaandika tarehe na idadi ya miezi, kisha ukaliweka rafu ya chini kabisa, safu ya mwisho kushoto, juu ya ubao wa msonobari. Miezi kumi na minane. Hukuligusa. Siku ikifika ulilitoa, ukalisoma kwa sauti kama ulivyoligonga jibini kwa kinyundo na kutega sikio kusikia kama lina ufa ndani. Likitoa sauti ya ufa, lilikwenda kwenye jiko. Yaliyokwenda kwenye jiko ni mengi kuliko yaliyokwenda Lyon.

Mimi nilikuja ghalani nikiwa na miaka ishirini, kuosha mbao. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na sita. Ulinikuta siku moja nasoma lebo huku midomo ikicheza, nikaona aibu, nikageuka ukutani. Ukatoa karatasi mfukoni.

"Nisomee hii, binti."

"Mimi sisomi vizuri, Bwana Alcide."

"Ndiyo maana nimekuomba wewe. Wanaosoma vizuri wananifichia makosa yangu."

Nikasoma. Mstari wa tatu nikajikwaa. Nikarudia, nikajikwaa tena pale pale, nikataka ardhi inimeze. Wewe ukapiga kofi ukutani kwa furaha. "Hapo hapo! Nilijua ufa upo, sikujua upo wapi." Ukaniambia maneno ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia: nikijikwaa, kosa ni la aliyeandika, si langu.

Tangu siku hiyo kila shairi lilipita mdomoni mwangu kabla ya kufungwa. Mara kumi, mara kumi na tano, mpaka nisijikwae popote. Nilikusomea huku nikisugua mbao, wewe ukigeuza, vidole vyako vikihesabu mapigo juu ya ganda la jibini. Ni wewe uliyeniandikisha masomo ya jioni mjini, Jumanne na Ijumaa, na ni gari lako dogo jeupe lililonipeleka theluji ilipofunga barabara ya basi. Siku nilipoleta cheti ulikishika kwa ncha za vidole, ukakitazama mbele na nyuma.

"Hongera. Sasa usijue mno, ukiacha kujikwaa nitakosa kazi."

Na nilipoolewa na Cyprien, ulisema kanisani, mbele ya padri, kwamba mwanao amekuibia msomaji.

Majira ya baridi ya mwisho moyo wako ulipokulaza, nilikuwa na mimba. Tulishajua ni msichana na jina lake tulishalichagua. Kitanda chako kilikuwa dirishani, kimetandikwa mashuka yaliyodariziwa na mama yake Mama Solange. Ukaomba kalamu ya wino. Mtu akiandika amelala chali, kalamu hiyo inavuja. Nyumba nzima ilisikia.

"Wino? Kwenye mashuka ya mama yangu?"

"Solange, mimi naumwa."

"Umwa, nani kakukataza? Lakini uwe safi."

Akakupa penseli ya kwenye droo ya jikoni, ile fupi aliyoandikia orodha ya vitu vya dukani. Ulinung'unika siku mbili. Nikataka kukusomea ulichoandika kama kawaida, ukaifunika karatasi kwa kiganja. "Hili halikuhusu. Bado." Tarehe tisa Machi ukakifunga kifurushi mwenyewe, ukampa Urbain akakiweke rafuni. Juu yake uliandika: Apolline. Miezi kumi na miwili. Urbain akashangaa kwa nini si kumi na minane. Ukamwambia, "Watoto unawapa jibini la mwaka mmoja, ni laini. Umesahau tulivyolishwa sisi nyumbani?"

Siku tano baadaye ulituacha. Apolline alizaliwa baada ya wiki tatu.

Basi rafuni vilibaki vifurushi tisa: vinane vya kitabu chako cha saba, na kimoja cha mwanangu. Bwana Lachenal wa Lyon, mchapishaji wako, alipiga simu mwezi wa nne. Alitaka vyote vifunguliwe ili kitabu kitoke kwenye kumbukumbu ya mwaka. Mama Solange aliweka simu katikati ya meza tusikie sote.

"Mama Grandperrin, miezi michache hii ni kitu gani?"

"Kama si kitu, basi subiri."

"Lakini wasomaji wake wanangoja."

"Walingoja akiwa hai. Wamezoea."

Bwana Lachenal ni mtu muungwana, akacheka, akakubali. Na hapo tungekaa kwa amani, kama si chumvi.

Baba, hili hulijui, na Urbain ameniomba niliandike wazi ili asiwe na siri kwako. Maisha yenu yote ghalani yeye alishika safu za kulia na wewe za kushoto. Ulipoondoka, akachukua zote. Hataki msaidizi. Anafanya kazi huku akikusemesha, tunamsikia kutoka ngazini. Mwezi wa sita, Jumatatu asubuhi, alikuwa akigeuza na kupangusa safu zako, mkono unakwenda wenyewe, kitambaa kwenye ndoo, kitambaa kwenye jibini, geuza, sogea. Akafika rafu ya chini ya safu ya mwisho. Akapangusa vifurushi vyote tisa kwa maji ya chumvi, juu na chini, akavigeuza, akaendelea. Alizinduka pale alipoona kitambaa chake kimekuwa buluu.

Alikuja jikoni na ndoo mkononi. Sijawahi kumwona mzee analia hivyo.

"Shemeji, nimemuua ndugu yangu mara ya pili."

Mama Solange alikuwa anamenya viazi. Hakuweka kisu chini. "Acha makelele, Urbain. Umempaka chumvi tu. Sasa hataoza."

Lakini kiazi kile kile alikimenya mpaka kikabaki kama karanga.

Tukashuka. Vile vinane vilikuwa vinatoa machozi ya buluu juu ya ubao. Tulivifungua pale pale kuokoa tutakachoweza, na hapakuwa na la kuokoa: karatasi nane zenye mawingu ya wino, neno hapa, nusu neno pale. Kitabu cha saba kilikuwa kimekwenda na maji. Cyprien akanishika bega. Urbain amekaa kwenye ngazi, uso umefunikwa.

Sijui nilipata wapi sauti. Niliinua karatasi ya kwanza, sikuona kitu, nikafumba macho, nikaanza kusugua ubao kwa mkono mtupu, na shairi likaja. Lote. Nilikuwa nimelisoma mara kumi na tano nikisugua mbao, Baba. Lilikuwa kwenye mkono. Cyprien akakimbia kutafuta kalamu. "Polepole, mke wangu, mimi si mashine," na mimi siwezi polepole, nikipunguza linapotea. Tulimaliza siku ya tatu. Mashairi saba yamerudi kamili, na la nane, lile la kisima, nimekosa mistari mitatu ya mwisho. Nimejaribu miezi yote hii tisa, hairudi. Nisamehe. Bwana Lachenal ataacha nafasi nyeupe mahali pake, anasema hataijaza mtu. Sheria yako ya miezi tumeishika pia: karatasi mpya tulizifunga kwa tarehe za zamani, la mwisho litatimiza mwezi wa sita ujao, na kitabu kitatoka vuli, ng'ombe wakishuka kutoka malishoni.

Kilichobaki kilikuwa kile cha tisa. Hiki sikuwahi kukisoma. Kama kimekwenda, kimekwenda, hakuna mkono unaokikumbuka.

Kitambaa chake kilikuwa kimelowa kama vingine, ila hakikuwa na buluu. Nilikuwa tayari nimeshika uzi. Mama Solange ndiye aliyenizuia.

"Ile ni penseli. Penseli haiogopi maji."

"Una hakika, Mama?"

"Nina hakika na mashuka yangu. Na karatasi, sijui. Lakini tarehe yake haijafika."

Urbain akaomba tuangalie kidogo tu, apate kulala. Mama Solange akamwambia kwamba Alcide jibini aliligonga tu, hakulitoboa kuona ndani. Tukakikausha juu ya jiko bila kukifungua, nikakirudisha rafuni mwenyewe.

Miezi tisa, Baba. Kila nilipoteremka na ndoo yangu nilikigusa. Kulikuwa na siku ambazo nilikuwa na hakika ndani hamna kitu, karatasi imeoza, na mwanangu peke yake katika nyumba hii hatakuwa na neno lako hata moja. Wewe uliyemwandikia kila mtu: Cyprien alipozaliwa, Urbain alipostaafu asistaafu, hata mbwa. Siku nyingine nilijiambia, kifungue, nani atajua? Nilifika mara moja mpaka nikavuta fundo. Apolline alikuwa mgongoni, akapiga kelele ya njaa, nikaacha. Namshukuru kwa njaa ile.

Jumapili iliyopita, tarehe tisa, tulikaa mezani sote. Viazi, soseji ya moshi, jibini laini lililookwa ndani ya kisanduku chake cha mbao, na chupa ya divai ya njano uliyoificha nyuma ya makopo ukidhani Mama Solange haijui. Ghislaine alikuja na mkate na jamu ya maua ya mchunga, yale ya njano ya malishoni. Urbain akaweka kifurushi mbele ya sahani yangu, akatoa kinyundo chako mfukoni, akakigonga mara mbili na kutega sikio.

"Vipi, fundi?" akauliza Cyprien.

"Hakina ufa," akasema, kwa uso mkavu kabisa. Tukacheka mpaka Apolline akacheka bila kujua kwa nini.

Nikakata uzi. Karatasi ilikuwa imekauka na kukunjamana, ina chembe za chumvi kwenye mikunjo. Na maandiko yapo. Ya kijivu, ya kutetemeka, yote. Mama Solange akasema tu, "Mashuka yangu," akaenda kuangalia jiko lisilohitaji kuangaliwa.

Nikasimama nikasoma kwa sauti. Mwanzo wake ni huu, nadhani utaniruhusu:

*Wewe unaingia, mimi natoka, tutapishana mlangoni.*
*Usinipishe kwa heshima, mwenye haraka ni wewe.*
*Kiti kilicho karibu na jiko nimekuachia,*
*kaa upesi, bado kina joto.*

Mistari kumi na miwili. Nilikwenda vizuri mpaka wa nane. Mstari wa tisa nikajikwaa. Nikadhani ni machozi, nikajifuta, nikarudia, nikajikwaa pale pale. Mara ya tatu pia. Urbain akanong'ona, "Kumbe ufa upo," Ghislaine akampiga kiwiko.

Nikaruka, nikamaliza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ulikuwa umeandika: *Coralie, umejikwaa wa tisa. Hata mimi. Kosa ni langu, nimechoka. Tengeneza wewe, ni mwanao. Usiharakishe.*

Sikuweza kukaa wala kusimama, Baba. Mimi niliyekuwa nageukia ukuta na lebo ya jibini.

Mstari huo wa tisa siuandiki hapa kwa sababu haujawa tayari. Nimejaribu mara nne tangu Jumapili. Wa kwanza ulikuwa mbaya sana, Cyprien aliusifu. Huu wa nne nimempa Urbain ausome ghalani, naye amejikwaa, na ameona fahari utadhani amepewa tuzo. Sijakata tamaa. Nimejiandikisha tena masomo ya jioni, safari hii ya fasihi, Jumanne. Gari lako dogo naliendesha mwenyewe sasa. Na shairi nimelifunga kwa kitambaa kipya, nimelirudisha mahali pake, nimeandika tarehe. Idadi ya miezi nimeiacha wazi.

Umetuachia nyumba yenye watu wanaocheka mezani. Umemwachia Mama Solange mashuka meupe na jambo la kujisifia mpaka mwisho wa siku zake. Umemwachia Urbain safu za kushoto, naye sasa anafika rafu ya chini na kitambaa kikavu. Apolline ana meno sita na anapenda ganda la jibini kuliko pipi. Tangu juzi anakwenda kutoka kiti chako mpaka benchi la jiko, hatua tatu, nne, anaanguka, anatutazama kuona kosa ni la nani. Tunamwambia ni la sakafu. Anainuka.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii, saa nne asubuhi, kanisani Les Combettes. Baada ya hapo wote mnakaribishwa kwenye ghala la ushirika. Urbain atakata gurudumu la mwisho uliloligeuza wewe kwa mikono yako. Vaeni vizito, chini ni baridi.

Unakumbukwa na mkeo Solange. Ndugu yako Urbain. Mwanao Cyprien na mkweo Coralie. Mjukuu wako Apolline. Jirani yako Ghislaine. Na wote wa ushirika wa maziwa wa Les Combettes.

Baba, tutakukumbuka kila tutakapojikwaa.